Kompyuta Mbili za Mume Wangu

Mume wangu alivunjika mguu kwa sababu ya kalenda. Kalenda hiyo ilikuwa imening'inia sebuleni miezi minne bila kumdhuru mtu, mpaka Jumapili moja asubuhi akaiona imeinama upande wa kushoto. Mimi hufagia chini yake kila siku ya Mungu na sikuona kuinama popote. Yeye akaona. Akapanda kiti, kiti kikateleza, na jioni nikamrudisha nyumbani akiwa na plasta kutoka vidoleni hadi gotini. Kitu cha kwanza alichosema alipoketi kwenye kochi ni, "Bado imeinama."

Ofisini kwake wanamwita Mzee Rula. Ni mchoraji wa ramani za majengo, na kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na mmoja. Alianza zamani zile za kalamu ya wino na karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Ukikosea mstari unaukwangua kwa wembe, polepole, kama unamnyoa mtoto mchanga. Wembe wake alikuwa akiutia kwenye mfuko wa shati, umefungwa kwenye kipande cha karatasi, na mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilijikata vidole mara tatu nikifua. Kompyuta zilipoingia, wenzake wengi waliaga wakaenda kufanya mambo mengine. Yeye alikuwa ameshapita miaka arobaini. Alinunua daftari, akaandika kila hatua, bonyeza hapa, kisha pale, akalisoma daftari lile kama mwanafunzi wa mtihani, na baada ya miezi sita akawa anachora kwa mashine vizuri kuliko hata vijana.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo hamtaelewa taabu yangu. Mwaka wa tatu wa kazi yake, ofisi yao ya kwanza iliungua. Mtu mmoja alitoka akaacha birika la umeme likiwaka. Ramani za miaka kumi ziligeuka majivu, na mume wangu alisimama barabarani na wenzake wakitazama. Tangu siku hiyo hawezi kuondoka mahali bila kuzima. Anazima taa nikiwa bado natunga uzi kwenye sindano. Anazima redio mtangazaji akiwa katikati ya neno. Na kompyuta ndiyo usiseme. Hajawahi kuinuka kwenye meza yake, hata kwa kwenda chooni, kabla hajaizima na kuifunika kitambaa.

Basi, juma la pili la mguu, Jumatatu, meneja wao akapiga simu. Ni meneja mpya, ana umri wa mtoto wetu wa kwanza. Aliuliza hali, akatoa pole, kisha akasema, "Mzee, ile ramani ya wodi ya wazazi inatakiwa Ijumaa saa sita mchana. Wenye hospitali hawataki kusikia habari nyingine. Isipofika, itabidi meza yako nimpe mtu mwingine, nawe upumzike moja kwa moja."

Alikuwa amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu kwa heshima zake. Kumwambia mtu mwenye plasta apumzike moja kwa moja ni kama kumsomea wosia wake mwenyewe. Aliweka simu chini, akawa anaitazama ile kalenda.

Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Kompyuta yenye programu ya kuchorea ni moja, kubwa, ya zamani, na programu hiyo haikubali kuhamia kwingine. Nikampigia binti yetu, kitinda mimba, anayefanya kazi mji mwingine. Jumanne akaja na kompyuta yake ndogo ya mapajani, akapita kwanza ofisini kwa baba yake akafanya mambo yake huko, kisha akaja nyumbani akaiweka ile ndogo kwenye mapaja ya baba yake.

"Baba, sikiliza vizuri," akasema. "Hii yangu na ile ya ofisini ni koo mbili tofauti. Hazielewani. Nimeweka programu ya kuzipatanisha. Ukifungua hapa, unaiona ile ya ofisini yote, ndani ya hii. Mkono wako uko hapa, kazi inafanyika kule."

"Kwa hiyo mimi niko wapi?"

"Uko nyumbani, baba."

"Na kompyuta?"

"Iko ofisini."

"Na hii iliyoko mapajani mwangu?"

"Hiyo nayo ni kompyuta, ila kwa sasa ni kama kioo cha kuchungulia tu."

Baba yake akanigeukia mimi, kana kwamba mtoto yule nilimzaa peke yangu.

"Ila ile ya ofisini usiizime," binti akaongeza. "Ikizimika, huku huwezi kuiwasha. Lazima mtu aende akabonyeze kitufe."

"Nitaizimaje, na mimi niko huku?" akajibu mume wangu, na alijibu kwa dharau kidogo. Binti akalala, alfajiri akarudi kazini kwake. Akatuachia mashine mbili zisizosalimiana na mzee mmoja katikati.

Jumatano asubuhi tukaanza. Nasema tukaanza kwa sababu mimi ndiye niliyeshika simu. Upande wa pili wa simu alikuwa Mama Chai, mwanamke mwenzangu anayewapikia chai pale ofisini, ambaye binti alimwomba awe karibu na ile mashine. Mama Chai ni rika langu, na magoti yake yanamsumbua kama yangu. Jiko lake liko chini kabisa.

Vitufe ndivyo vilivyotutesa kwanza. Vidole vya mume wangu vina njia zao za miaka mingi. Akitaka kunakili dirisha moja la jengo ili aliweke mahali pengine, kidole cha mwisho kinakwenda chenyewe pembeni kabisa mwa kibodi, kama ng'ombe anayejua zizi. Lakini kibodi cha binti kilipangwa vingine. Pembeni pale pana kitufe cha kazi nyingine kabisa. Akibonyeza, ofisi yote inajikunja na kupotea, na badala yake inatokea picha ya binti yetu na rafiki zake wamevaa miwani ya jua.

"Hawa wametoka wapi tena?" anauliza.

"Ni mwanao."

"Namjua! Nauliza ofisi imekwenda wapi!"

Halafu kishale. Anasogeza mkono, kishale kinatulia kwanza, kinafikiri, kisha kinaruka na kupita pale alipotaka. Na maandishi ya ramani, yaliyokuwa yakienea kwenye kioo kikubwa cha ofisini, hapa yamekuwa sisimizi. Akaniagiza miwani yake ya kusomea, kisha akavaa na ile ya kutembelea juu yake. Sikucheka. Nilijiuma ulimi.

Hata hivyo alizoea. Kufikia saa saba mchana alikuwa amechora kuta zote za upande mmoja. Nikamletea chakula. Akahifadhi kazi yake vizuri, akapeleka kishale chini kwenye kona, akabonyeza, akabonyeza tena, kioo kikawa cheusi. Akafunika ile mashine kwa taulo.

"Nimefunga ofisi," akasema, akaanza kula kwa raha.

Tulipomaliza kula akafungua. Hakuna kitu. Akajaribu tena. Hakuna. Nikampigia Mama Chai, naye akapanda ngazi zote tatu akihema ndani ya simu, akakuta mashine ya ofisini imelala fofofo.

"Imezimwa, dada," akasema. "Nani kaizima, na humu hamna mtu?"

Tukatazamana na mume wangu. Akasema huenda umeme ulikatika.

Saa kumi umeme ule ule ulikatika tena, dakika ileile alipoinuka kwenda kujinyoosha. Hapo nikampigia binti. Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Mama, pa kuzimia ile ya kule ni chini, kwenye kona. Pa kuzimia hii ya hapa ni juu, kwenye kona. Mkono wa baba umezoea chini. Anaizima ya ofisini kila anapoinuka. Mwambie asizime chochote, aondoke tu."

Nikamwambia. Akajibu, "Najua." Katika ndoa yetu neno hilo limenizeesha kuliko uzazi.

"Kama unajua, acha kuzima."

"Niiache kompyuta ya ofisi inawaka na mimi sipo?"

"Lakini upo!"

"Sipo! Niko kwenye kochi!"

"Baba Watoto, mashine ile iko kwenye chumba kilichofungwa, Mama Chai yuko pale, moto utatoka wapi?"

Akageuza uso kwenye kalenda. Nikajua nimegusa pale pasipoguswa, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi akaizima mara moja tu, wakati wa sala ya mchana. Hilo kwake lilikuwa maendeleo. Mama Chai alipopanda safari hiyo hakunisalimia. Alisema tu, "Dada, mpe mumeo salamu zangu. Mwambie magoti yangu hayakuandikwa kwenye ramani yake." Nikamwombea radhi, nikamwahidi dawa ya kuchua. Kisha akanipa habari ya pili, kwamba kesho asubuhi atampeleka mjukuu wake kliniki, ofisini hatakuwepo mpaka mchana. Nikamweleza mume wangu mara mbili, uso kwa uso. Akasema anajua.

Jioni hiyo ramani ilikuwa imebaki milango tu. Mhandisi alikuwa ameandika pembeni kwamba milango ya vyumba vya kujifungulia mchoraji aitazame mwenyewe. Mume wangu akaweka kalamu mdomoni, akaniuliza, "Ulipokwenda kumzaa kitinda mimba, kitanda kilipitaje mlangoni?"

"Hakikupita," nikamwambia. "Kilikwama. Nilikuwa nimeshika vyuma vya pembeni, vidole vikabanwa. Wakanishusha nikatembea."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa nje unauliza kama ni mvulana au msichana."

Akafunika mashine kwa taulo, tukalala. Lakini Ijumaa, kabla hata sijamaliza sala ya asubuhi, nikamsikia anafungua mashine. Alikuwa ameamua kupanua milango yote minne. Na kupanua mlango si kufuta mstari na kuchora mwingine. Ukuta unasogea, chumba cha jirani kinapungua, sinki linahama. Nikatazama saa, nikamtazama yeye. Nikasema kimoyomoyo, Ee Mola, mtu huyu ana mpaka saa sita, na leo ndiyo ameamua kuwa mkunga.

Saa nne na nusu alikuwa amemaliza milango mitatu. Nikamletea chai. Ili apokee kikombe, ilibidi asogeze mashine pembeni. Nikaona mkono wake unashuka. Nikaona kishale kinakwenda chini, kwenye kona.

"Baba Watoto!"

Kioo kikawa cheusi.

Tukabaki tumekitazama wote wawili, na kikombe bado nimekishika mimi. Sikupiga kelele. Nilitamani kupiga, Mungu anajua, ila chai ingemmwagikia.

"Nilikuwa nimehifadhi," akasema taratibu.

"Umehifadhi kule. Kule kumezimwa. Mama Chai yuko kliniki."

Nikajaribu simu yake hata hivyo, ikaita mpaka ikachoka. Ofisini kulikuwa na mtu mmoja tu tuliyekuwa na namba yake, naye ni meneja.

"Simpigii," akasema mume wangu.

"Mpigie."

"Nimwambie nini? Kwamba nimezima kompyuta ya ofisi nikiwa nimekaa nyumbani? Kwa mara ya nne? Yule anasubiri hilo hilo. Atasema wazee hawa ndivyo walivyo."

"Acha aseme. Maneno hayavunji mfupa."

"Bora meza aichukue, kuliko anicheke."

Miaka thelathini na mmoja, wembe, wino, daftari, kuta za kusogeza, vyote anataka kuviachia kwa sababu ya aibu ya kitufe kimoja. Nikaenda jikoni nikasimama mbele ya sinki, nikasema sala fupi sana, ya maneno matatu tu, kisha nikarudi nikaichukua simu. Nikatoka nayo kibarazani. Ilikuwa saa tano kasorobo.

"Shikamoo, mama," akasema meneja.

"Marahaba, mwanangu. Naomba upande ghorofa ya tatu ukabonyeze kitufe cha kompyuta ya mume wangu."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Imezimwa."

"Nani kaizima?"

Kusema uongo sikuweza. "Yeye."

"Lakini si yuko nyumbani?"

"Ndiyo, mwanangu. Ndivyo ilivyo."

Kisha nikasikia kiti kinasukumwa na viatu vinapanda ngazi. Akaniambia imewaka, inajiandaa. Nikarudi ndani, nikaiweka simu kwenye mto wa kochi bila kuikata, sauti ikiwa juu kama tulivyozoea. Nikamwambia mume wangu, "Imewashwa. Fanya kazi." Hakuuliza imewashwa na nani, nami sikusema. Hilo nalo nililiombea msamaha baadaye.

Akaingia. Ramani ikatokea yote, salama. Akaanza mlango wa nne, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko siku mbili zilizopita. Mara kishale kikaanza kuvutwa. Yeye anakipeleka kulia, kinakwenda kushoto. Anakirudisha, kinazunguka chumba kama nzi. Mstari mmoja ukarefuka ukakata sinki katikati.

"Mama Chai!" akafoka kuelekea simu. "Umerudi kumbe! Toa mkono wako hapo! Sasa ndio wakati wa kufuta vumbi? Shuka chini ukachemshe maji!"

Kishale kikasimama.

"Nimetoa, Mzee," ikasema sauti ya kiume. "Nilitaka kuusogeza mchoro karibu tu, nione vizuri."

Nikamtazama mume wangu. Masikio yake yalibadilika rangi. Nikajua hapa sasa ataifunga mashine, ataingia chumbani, na mambo yameisha. Akasukuma miwani yake juu. Akasema, "Asante, Meneja," kisha akaufuta ule mstari uliokata sinki na kuendelea. Saa ukutani ilikuwa tano na robo.

Baada ya muda sauti ikarudi. "Mzee, ukuta huo kwa nini unausogeza? Mhandisi ameshauweka."

"Kitanda hakipiti."

"Kitanda ni sentimita tisini, mlango ulikuwa mia moja. Kinapita."

"Kinapita kitupu. Na mama aliyelala juu yake ameshika wapi? Ameshika vyuma vya pembeni, kwa nje. Vidole vinabanwa. Muulize mke wangu, yeye alishushwa akatembea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote nimeificha habari ile hata kwa dada zangu, leo inatangazwa ofisini.

"Mama," akasema meneja, na sauti yake ilikuwa ya chini, "ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

Nikasikia anavuta kiti na kuketi. "Endelea, Mzee. Namba zikikusumbua kuzisoma huko, uliza, huku zinaonekana kubwa."

Basi wakaenda hivyo. Mume wangu anauliza, "Hapo imeandika ngapi?" na yule kijana anajibu, "Mia moja na ishirini na tano." "Na pale?" "Sabini." "Sabini si sahihi, ngoja." Mimi nikawa nimeshika saa mkononi kama mwamuzi wa mpira, natangaza dakika, na kila nikitangaza naambiwa ninyamaze. Mara moja akabonyeza kile kitufe cha pembeni na binti yetu akatokea na miwani yake ya jua. Meneja akauliza mbona kishale kimekufa, mume wangu akasema, "Subiri, kuna wageni." Nikamfukuza binti kwa kubonyeza pale nilipojifunza kubonyeza.

Saa sita kasoro dakika tisa akasema, "Hifadhi. Chapa."

Tukasikia kupitia simu mashine ya kuchapia inakoroma huko ofisini, na karatasi kubwa inatoka kidogo kidogo. Meneja akaichukua, tukasikia inakunjuliwa mezani.

"Imetoka safi," akasema. "Nawapelekea mwenyewe sasa hivi, wako hapo ng'ambo ya barabara. Mzee, meza yako hapewi mtu. Miezi yako kumi na mmoja utaimaliza hapa."

"Mlango wa nne," akasema mume wangu, "unafungukia ndani au nje?"

"Nje."

"Haya. Nenda."

Simu ikakatika. Nilingoja aseme neno. Walau alhamdulillah, walau amina, walau asante mke wangu. Akanigeukia, uso umekunjamana.

"Kwa nini hukuniambia ni meneja?"

"Hukuuliza."

"Nimemwambia akachemshe maji!"

"Na amekusamehe. Kunywa chai yako."

"Imepoa."

Nikaichukua ile chai iliyopoa, nikaiweka chini kwa upole wote niliojaliwa, nikatoka kibarazani nikapiga magoti palepale kwenye ngazi. Nilikuwa na mengi ya kushukuru na mengi ya kutubu, na nilitaka kuyapanga vizuri. Nilikuwa nimefika kwa Mama Chai na magoti yake, namwombea, ndipo sauti ikaja kutoka sebuleni.

"Mama Watoto! Njoo uone! Hii kompyuta inaniuliza kitu!"

Mungu anisamehe, sala ile niliimalizia nikiwa natembea.